Chumba cha Kunyamaza

Siku mliponiaga mlinipa blanketi na thamosi, mkaniomba nisimame nitoe nasaha kwa vijana. Nilisema maneno mawili nikaketi, kwa sababu pilau ilikuwa inapoa na nyote mlikuwa mnaitazama. Sasa niko nyumbani Seme, si mbali na Kombewa, nafuga kuku wasioniheshimu, na wakati ninao. Juzi alinitembelea mwenzenu mmoja, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili, akalalamika kwamba amepangiwa wodi mbaya. Aliniuliza katika wodi zote nilizopitia ni ipi iliyokuwa nzuri. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Haya ndiyo majibu yenyewe, na kama ni marefu, alaumiwe yeye.

Habari za vyeo nimeziacha. Vyeo vingine mtu huvipata kwa kuzeeka tu. Nitaanza na viatu. Nilipoanza mafunzo ya uuguzi katika hospitali moja kubwa mjini Kisumu, katikati ya miaka ya themanini, wanafunzi wote tulitakiwa kuvaa viatu vyeupe. Vya wanawake vilikuwepo madukani. Vya wanaume sikuviona, maana wauguzi wa kiume tulikuwa wachache kama meno ya kuku. Nikanunua raba nyeusi nikazipaka chaki ya ubaoni. Kabla ya saa ya chai sakafu ya wodi ilikuwa imejaa nyayo zangu nyeupe, na metroni aliweza kujua nimepita wapi na wapi sijafika.

Wodi ya kwanza ilikuwa ya tiba, upande wa wanaume. Nilidhani nitashika sindano. Nilishika bedpani, choo cha kitandani. Nilitandika vitanda na kukunja pembe za mashuka, na mgonjwa mmoja, mzee kutoka Uyoma, akanitazama siku nzima kisha akaniuliza kama nilianguka mtihani wa udaktari au wa ualimu. Nikamwambia nilipita wa uuguzi. Akanionea huruma, akanipa ndizi.

Wodi ya tiba haina damu ya kukutisha, kwa hiyo wanafunzi huiona ya kuchosha. Lakini humo ndimo utakamojifunza kuangalia. Mgonjwa atamdanganya daktari mchana kweupe kwamba amepona, kwa sababu mvua imeanza na shamba linamngoja. Mtazame anavyokula. Mtu anayeacha samaki na kula ugali mtupu ana jambo tumboni, hata kama anacheka. Hilo nililiona mwenyewe, hakuna aliyenifundisha, na limenisaidia kuliko mashine nyingi.

Kutoka hapo nilipelekwa wodi ya upasuaji, kwenye waliovunjika. Hawa si wagonjwa, ni watu wazima waliofungwa mguu mmoja kitandani wakiwa na nguvu zao zote za kubishana. Kijana mmoja alianguka kutoka kwenye lori la miwa karibu na Awasi akavunjika paja. Mguu wake ulivutwa kwa kamba iliyopita juu ya gurudumu dogo, na mwisho wa kamba vikaning'inizwa vyuma vya uzito. Shangazi yake alikuja kumwona, akatafuta mahali pa kutundika kikapu chake cha viazi vitamu, akaona kamba ile inafaa. Mguu ukapata uzito ambao daktari hakuuandika. Tuliposikia kelele tulidhani ameaga dunia, kumbe anamtukana shangazi. Viazi tulivila sisi.

Halafu leba. Wanafunzi wa kiume tulikwenda leba kwa sababu mitihani ilitaka hivyo, na akina mama walituvumilia kwa sababu uchungu haukuwapa nafasi ya kuchagua. Kosa langu lilikuwa kuzaliwa na kaka aliyeoa mapema. Asubuhi moja aliingia mama mmoja akiugulia, nikamfungulia mlango, tukatazamana. Alikuwa mama mzazi wa mke wa kaka yangu. Kwetu mkwe kama huyo ukimwona njiani unapita vichakani, sembuse leba. Mimi nikakimbilia chumba cha mashuka. Yeye, na uchungu wake wote, akageuka kurudi nyumbani. Mkunga mkuu alimshika mkono, akanifungia mimi kwa ufunguo, na mtoto alipozaliwa akaja kugonga.

"Wewe mkwe," akasema akiwa nje ya mlango, "ni kijana. Mama anasema asante kwa kukaa ndani."

Thieta, chumba cha kupasulia, niliipenda. Niseme wazi, niliipenda kwa sababu mgonjwa analala na hakuna jamaa. Kila kitu kina mahali pake, vitambaa vinahesabiwa, watu wanaongea kwa macho. Nilikuwa nimechoka na shangazi, wakwe na wazee wa Uyoma. Nikaomba nirudishwe thieta muhula wa mwisho. Ombi langu lilisomwa, nikapelekwa kwa Sista Wambui.

Sista Wambui alisimamia wodi ya tiba ya wanaume wakati huo. Alikuwa mtu wa Nyeri. Alikuja Kisumu na mume wake aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, na kufikia wakati wangu alikuwa amekaa Kisumu miaka mingi kuliko alivyokaa kwao. Dholuo, lugha ya kwetu, alikiongea chote kwa lafudhi ya milimani bila haya hata kidogo. Hakupenda wanafunzi wanaojieleza. Nilipofika alinitazama miguuni kwanza.

"Oduor, viatu zako zinalia?"

"Zinalia kidogo, Sista."

"Basi hapa hutavaa."

Akanipeleka mwisho wa korido, kwenye chumba kidogo cha vitanda viwili. Wauguzi walikiita chumba cha kunyamaza. Hapo ndipo walipolazwa wenye pepopunda. Ninyi mnaoanza leo huenda msiione mara nyingi, na nawaombea hivyo, kwa hiyo nitaieleza. Mtu anachomwa na msumari au mwiba, kidonda kinapona, anasahau. Siku zinapita, taya linakaza. Halafu shingo, halafu mgongo. Na mwili ukishafika hapo, kitu chochote kidogo kinaweza kuushtua: mlango ukigongwa, taa ikiwashwa, mtu akimgusa bila kumwambia. Anakakamaa, mgongo unapinda kama upinde, kifua kinagoma kuvuta hewa. Mkakamao ukiwa mrefu, anakufa akiwa na akili zake timamu. Hilo ndilo baya la ugonjwa huu, kwamba mgonjwa anasikia kila kitu.

"Dawa ya kwanza hapa ni kunyamaza," Sista aliniambia kwa sauti ya chini. "Sindano ni ya pili."

Alinionyesha vyombo vyake, na sijaona mtu aliyejivunia vyombo kama yeye. Miguu ya vitanda ilikuwa imevalishwa vipande vya tairi la baiskeli. Bawaba za mlango alizipaka mafuta mwenyewe kila Jumatatu. Ndani ya kila trei ya chuma kulikuwa na kitambaa kizito ili mkasi usigonge. Kijiko kilikuwa cha mti. Dirishani alitundika mablanketi. Masikioni mwa mgonjwa tuliweka pamba. Na kazi zote, kumgeuza, kumsafisha, kumlisha kwa mpira unaopita puani, tulizifanya kwa pamoja baada ya sindano ya kumtuliza, ili asisumbuliwe mara kwa mara. Kabla ya kumgusa unamwambia kwa kunong'ona: sasa nainua mkono wa kulia. Ukisema mkono, usiguse mguu.

Mgonjwa wetu aliitwa Ouma. Alikuwa kijana wa Ahero, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyekua akibeba magunia ya mpunga. Alikanyaga chuma kwenye mfereji wa shamba la mpunga, akafunga kidonda kwa kitambaa, akaendelea kuvuna. Taya lilipoanza kukaza walidhani ni jino. Alipofika kwetu hakuweza kupitisha hata kijiko.

Aliletwa na mama yake. Sisi tulimwita Mama Ouma. Alikuwa mwembamba, mjane, na Ouma ndiye mwanawe wa pekee aliyebaki nyumbani. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akaona ule mpira unaingia puani mwa mwanawe, akakasirika. Alifungua mdomo akanionyesha pengo la meno ya chini, yale sita yaliyokuwa yakiondolewa kwa desturi zamani.

"Unaona hii, wuoda?" akaniambia. Ndivyo alivyoniita tangu siku ile, mwanangu. "Hii ilikuwa ya kupitishia uji, mdomo ikikataa. Baba yake aliokoka, akasema watoto hawatatolewa meno. Sasa ona. Mnamlisha kwa pua kama nini?"

Sista alimjibu kwamba hata angekuwa na pengo, uji ungeingia kwenye mapafu ukamwua, na mpira ndio njia. Mama Ouma hakuridhika. Alimwangalia Sista kama mtu anayeuziwa samaki wa jana. Lakini alikubali kukaa kwenye benchi la korido, akakaa.

Baada ya siku chache alilazimika kurudi Ahero. Mvua ilikuwa imenyesha, mto ulikuwa unapanda, na ng'ombe wake hakuwa na mtu wa kumhamisha. Wakati ameondoka Ouma alizidiwa. Tukaongeza dawa, tukatundika blanketi la pili dirishani, tukabadilisha pamba masikioni. Mama yake aliporudi adhuhuri moja, na leso imelowa matope mpaka magotini, Sista alikuwa kwa metroni, nami nilikuwa nimeinama nikikoroga uji kwenye kona. Alisukuma mlango. Aliona giza. Aliona mwanawe amenyooka, hatikisiki, ana pamba masikioni.

Wenye desturi kama zetu wameshaelewa. Pamba huwekwa maiti. Chumba hufungwa kwa ajili ya maiti. Na kwetu kifo hakitangazwi kwa kunong'ona. Mama akifiwa na mtoto, nduru ya kwanza ni yake, na huipiga pale pale alipoujua msiba, kwa nguvu zake zote, ili jirani na jirani wa jirani wasikie. Mama asiyelia huulizwa na ukoo: mbona ulinyamaza, ulikuwa unajua nini? Kwa hiyo Mama Ouma alifanya ambavyo mama yeyote wa kwetu angefanya. Aliweka mikono kichwani akapiga nduru.

Ouma alipinda. Nilimwona akiinuka kitandani akabaki ameshikiliwa na kisogo na visigino tu, na uso ukaanza kuwa mweusi. Niliruka nikamziba mama mdomo kwa kiganja changu, jambo ambalo kwetu kijana hamfanyii mama wa mtu. Sista alikuja mbio bila viatu. Alichoma sindano kwenye mshipa, akanyonya mate kooni kwa mpira, akangoja. Mimi niliendelea kushika mdomo wa yule mama. Machozi yake yalinilowesha vidole. Ilichukua muda mrefu kabla ya kifua cha Ouma kuvuta hewa tena, na kiliponyanyuka nikakaa sakafuni. Niliogopa siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya kazi yangu.

Tulimtoa mama mpaka mwanzo wa korido. Nilitegemea Sista atamfokea, maana mimi alishanifokea kwa kuangusha kijiko tu. Hakumfokea.

"Mama, kijana yako ni mzima. Anasikia. Sauti ndio inamkamata, inamfunga pumzi. Yako ameisikia zaidi, kwa sababu ni ya mama."

Mama Ouma aliuliza, "Ni mimi nilikuwa naua yeye?"

"Ni ugonjwa. Lakini sasa unajua. Ukitaka apone, hapa hakuna kulia. Hata mtu akija na habari mbaya, hakuna kulia."

Alifunga leso yake upya kiunoni, akavua patipati zake, akazishika mkononi, akarudi kwenye benchi. Kuanzia hapo korido ilikuwa na mwenyewe.

Sijafanya kazi na mlinzi kama yule. Kila aliyepita alivuliwa viatu. Wafagiaji walipewa amri ya kuinua ndoo, si kuiburuta. Wageni wa wodi walipoanza kusalimiana kwa ile sauti yetu ya kuvuka mto, aliinua kidole kimoja na kusema neno moja la Dholuo, "Ling'uru," nyamazeni, na kwa jinsi alivyolisema watu wazima walijikuta wanatembea kwa ncha za vidole. Waumini wa kanisa lake walikuja siku moja na ngoma ya kumwombea Ouma. Aliwapokea kwa adabu, akawashukuru, akawaongoza mpaka nje ya geti na kuvuka barabara, wakamwimbia huko. Mchungaji alinung'unika kwamba maombi hayana umbali. Mama Ouma akamwambia vizuri, basi hapa ni karibu kabisa.

Hata daktari mkuu alivua. Alikuja na wanafunzi wake nyuma, viatu vinang'aa vikilia kama vifaranga. Mama Ouma alisimama katikati ya njia, akatazama chini viatuni, kisha juu usoni. Daktari alimtazama Sista. Sista akaangalia ukuta. Daktari akavua, na soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu kubwa pale kidole gumba kinapokaa. Hakuna aliyecheka mpaka alipoondoka, na baadaye tulicheka ndani ya chumba cha bedpani, mlango umefungwa, ngumi mdomoni.

Ouma akaanza kupata nafuu. Mikakamao ilipungua. Nilipomnong'oneza sasa nainua mkono wa kulia, nilisikia mkono wenyewe ukinisaidia kidogo. Hakuweza kusema, lakini macho yake yalikuwa yanamtafuta mama yake kwenye mwanya wa mlango. Sista alimruhusu mama aingie mara moja kwa siku, baada ya sindano. Aliingia, akasimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, akamtazama mwanawe, akatoka. Akishatoka aliniuliza mambo mengi sana kwa kunong'ona: amekojoa, ametoa jasho, uji ulikuwa wa wimbi au wa mahindi. Mimi niliyeomba kazi isiyo na jamaa nilijikuta namngoja.

Kitanda cha pili kilipata mtu. Alikuwa fundi mwashi kutoka upande wa Awasi, aliyechomwa na msumari wa mbao za kujengea. Alikuja na mke wake, msichana bado, ana mimba, anatetemeka na kuzungumza bila kupumzika. Mama Ouma alimsogezea nafasi kwenye benchi.

"Toa viatu," akamwambia. "Sasa sikiza. Ukisikia unataka kulia, bana leso kwa meno. Hivi. Mimi nimefanya. Bwana yako anasikia."

"Atapona, mama?"

"Angalia yangu. Alikuwa mbaya kuliko hii yako. Nyamaza tu."

Wakakaa pamoja, wakila ndizi moja kwa kugawana, kimya kama watu wanaovizia ndege. Mara nyingine nilimwona Mama Ouma akimshika yule binti goti lake lisitikise benchi.

Ouma alikufa asubuhi, wakati wa uji. Taya lilikuwa limelegea kiasi kwamba siku iliyotangulia alikuwa ametamka neno, au nusu ya neno. Ugonjwa huu unaweza kuachia taya ukashika moyo, Sista alikuwa amenionya, nami sikutaka kumsikiliza. Nilikuwa nimeinua kijiko cha mti. Mapigo ya moyo wa Ouma yakaenda mbio, yakapotea. Tulimfanyia yote yaliyowezekana, kimya kimya, kwa kunong'onezana, kwa sababu mita mbili kutoka hapo, nyuma ya pazia, fundi alikuwa amelala katika siku yake mbaya kuliko zote. Alikuwa hajavuka. Sauti moja kubwa ingemmaliza. Sista aliacha mikono yake juu ya kifua cha Ouma muda kidogo hata baada ya kuacha kusukuma, kisha akatoka kwenda koridoni.

Sikusikia alichosema. Mlango ulifunguka, bawaba zisilie, Mama Ouma akaingia na Sista nyuma yake, na yule binti akabaki kizingitini, leso imejaa mdomoni.

Mama alienda kichwani safari hii, si miguuni. Alimtoa mwanawe pamba sikio moja, halafu la pili, akazifunga kwenye ncha ya leso. Aliugusa mdomo wake kwa kidole, nao ukafunguka kwa urahisi.

"Imefunguka," akaniambia kwa kunong'ona, kama ananipa taarifa.

Halafu kifua chake kikaanza kujaa. Nilikijua kile kifua, nilikuwa nimekizuia mara moja. Nikasogea, na sikujua nitafanya nini nikifika. Nani angemziba mdomo mama aliyefiwa kweli? Haki ilikuwa yake. Ukoo mzima ungemwuliza. Sista naye nilimwona amesimama mikono imelegea, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na amri ya kutoa.

Mama Ouma alimtazama fundi kupitia pembe ya pazia. Alimtazama yule binti mlangoni, na tumbo lake. Akafunga mdomo. Alitoka koridoni, akainama akachukua patipati zake chini ya benchi, hakuzivaa, akaanza kutembea. Nilitia miguu viatuni, nikachukua kikapu chake nikamfuata, kwa sababu Sista alinisukuma mgongoni. Korido ile ni ndefu. Alipita wodi yetu, akapita ya waliovunjika ambako redio ilikuwa inaimba na mtu anacheka, akapita mlango wa leba. Mwili wake ulikuwa unatetemeka wote, shingo imetoka mishipa, na hakutoa hata pumzi yenye sauti. Wagonjwa waliokuwa wakiota jua walimsalimia. Alitoka getini, akavuka barabara, akaenda mpaka pale wanawake walipouza machungwa na omena, dagaa wa ziwani. Hapo akaweka patipati zake chini kwa utaratibu, moja kando ya nyingine, akaweka mikono kichwani, akalia.

Wale wanawake hawakumjua. Hakuna aliyeuliza ni nani amekufa. Mmoja aliacha machungwa yake akasimama akaipokea nduru, na mwingine, na mwingine, mpaka barabara nzima ikawa inamlilia Ouma wa Ahero. Nami nilisimama katikati yao na sare yangu na kikapu cha watu, nikalia kwa sauti kama mtoto, na sikujali ni nani ananiona. Tangu asubuhi ile sijawahi tena kuomba kurudi thieta.

Niliporudi wodini, Sista Wambui alikuwa peke yake kwenye meza yake, miguu mitupu.

"Oduor. Mama hakulia?" akaniuliza. "Hapa hatukusikia kitu."

Nikamwambia amelia.

Akafuta macho kwa nyuma ya mkono, akainua ile trei yenye kitambaa, akanipa.

"Toa viatu," akasema. "Ni saa ya kumlisha fundi."